Kijana, Simu na Mkutano wa Kijiji

Wazazi wengi wa Singida hutulalamikia kwamba vijana wao hawayajali mambo ya nchi, maana kutwa wameinamia simu. Sisi twaona kinyume. Kijana arudiye jioni kutoka shamba la alizeti, huko Ikungi au Iramba, akaketi nje akibishana kwa WhatsApp juu ya bajeti na Katiba, pengine ayajali kuliko babaye alivyoyajali. Kosa lake ni jingine: mkutano wa kijiji ukiitwa, haendi.

Yafaa akumbushwe. Kwa sheria ya mwaka 1982, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hateuliwi na mtu, wala haulizwi kadi ya chama. Hapo ndipo husomwa mapato na matumizi. Hapo ndipo huulizwa fedha za kisima zimekwenda wapi. Swali hilo likiulizwa simuni, mwenyekiti aweza kujifanya hakuliona. Likiulizwa mbele ya jirani zake, atajibu, au wote watamwona akishindwa.

Tena simu ina mwenyewe, naye si sisi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini, ikakaa hivyo siku kadhaa. Siku zizo hizo watu waliuawa katika maandamano, na wazazi wengi wakahangaika kupata habari za watoto wao walioko mijini. Hatusemi haya ili kuwatisha vijana wanyamaze. Kuizima sauti ya watu ni dhuluma, na damu ile yadai haki mbele ya Mungu.

Juu ya uongo hatuna maneno mengi. Asambazaye habari asiyoichunguza, amri ya nane yamhusu, awe ameitunga mwenyewe au amepokea na kupeleka mbele tu.

Nanyi wazee, twawauliza: kijana akisimama mkutanoni, mbona mwamwambia aketi, ati angali mtoto? Mtoto gani huyo, mwenye mke na shamba? Mmemfukuza chini ya mbuyu, kisha mwamlaumu kwa kwenda kusemea simuni!

Mkutano huo hupaswa kuitwa kila miezi mitatu. Kama kwenu haujaitwa, basi hilo ndilo swali la kwanza, na kijana aweza kuliuliza kesho asubuhi katika ofisi ya kijiji.