Je, Mtoto Alidanganya?



Mjukuu wetu wa darasa la 4 hufanya mazoezi ya hesabu nyumbani kwa programu ya kompyuta. Mwalimu wake wa tuisheni humpangia kazi na kutazama matokeo akiwa kwake. Mtoto akipata jibu, nyota hutokea. Kila jioni alituita, "Babu, njoo uone, nimepata nyota 10!" Nasi tulimsifu, kisha tukarudi kwenye redio yetu.

Siku moja umeme ulikatika. Tukachukua daftari, tukamwandikia 42 kutoa 17. Akaandika 35. Tukampa 63 kutoa 28, akaandika 45. Tulishangaa, kwa maana jana yake tu alikuwa amejaza nyota kwa hesabu za namna hiyo hiyo. Umeme uliporudi tukaketi nyuma yake kimya. Swali likaja. Hakufikiri wala kuandika lolote. Alibonyeza mahali pa kuomba msaada mara 3, upesi upesi, na msaada wa mwisho ukampa jibu lenyewe. Akaliandika, nyota ikatokea.

Hasira zikatupanda. "Mbona unadanganya?" tukamwuliza.

Akatutazama kwa mshangao wa kweli. "Sijadanganya, Babu. Si ulisema unataka nyota?"

Neno hilo halijatutoka moyoni. Twapenda kulifikiri pamoja nanyi, kwa kuwa programu za namna hii zimeingia katika nyumba kadhaa za parishi yetu.

Je, alidanganya? Kudanganya ni kumfanya mwenzako kwa makusudi aamini jambo lisilo la kweli. Mtoto huyu hakuwa na kusudi hilo. Alitii tu. Tulimwagiza nyota, akatuletea nyota. Hata hivyo, hapana budi kukiri kwamba uongo ulikuwamo nyumbani mwetu. Mwenye uongo huo alikuwa ni sisi, tuliojiaminisha kwamba alama ni sawa na elimu, kwa sababu kuamini hivyo kulituruhusu kubaki kitini.

Jambo hili halikumpata mjukuu wetu peke yake. Mwaka 2004 Ryan Baker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walieleza habari za wanafunzi waliotumia programu ya hesabu darasani. Baadhi yao walibonyeza msaada mfululizo, au walibahatisha mpaka jibu likubaliwe. Wanafunzi hao walijifunza kidogo kuliko wenzao.

Basi tuitupe kompyuta? Hasha. Hapa hapa katika mkoa wetu wa Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019, mashindano yaitwayo Global Learning XPRIZE yaliwapa vishikwambi watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Kwa muda wa miezi 15 walijifunza kwa Kiswahili kusoma, kuandika na kuhesabu, na wengi walipiga hatua. Mtu aliyeona hayo hawezi kusema kwamba chombo hiki hakifai.

Tena tuseme ukweli wote. Kompyuta haimwaibishi mtoto mbele ya wenzake, wala haichoki, wala haina kiboko. Sisi tulikuwa nacho. Tulipotoka chuo cha ualimu katika miaka ya 1980, tuliwachapa watoto kwa kukosa hesabu kama hii ya 42 kutoa 17. Leo twaona haya kuyaandika. Mtoto anayeandika 35 si mvivu. Ameona kwamba 7 haitoki katika 2, basi amegeuza, akatoa 2 katika 7 na 1 katika 4. Ametumia akili, akajitungia kanuni yake mwenyewe, ila kanuni hiyo ina kosa. Kiboko chetu hakikuiona kanuni hiyo, na nyota nayo haikuionyesha. Ilijulikana usiku ule tulipomwuliza mjukuu wetu, "Umepataje?" Swali hilo tulifundishwa chuoni, tukaliandika hata katika maandalio yetu ya somo, kisha tukalisahau.

Mzazi mmoja akatuambia, "Mwalimu, mimi natoka sokoni saa 2 usiku, na hesabu zenyewe sizijui." Twamheshimu, maana kuchoka kwake ni kwa ajili ya mtoto yule yule. Lakini kuuliza "Umepataje?" hakuhitaji mtu ajuaye hesabu. Anatakiwa mtu wa kuketi dakika 10 na kusikiliza. Mtoto na aeleze kwa mdomo wake, hata kwa kupanga visoda sakafuni. Pale anapokwama, mzazi amwarifu mwalimu wa tuisheni, kwa maana mwalimu huyo aona idadi ya majibu sahihi, na huenda asijue kidole cha mtoto kilipita wapi kuyafikia.

Nyumbani kwetu tumeweka taratibu mpya. Daftari hukaa kando ya kompyuta. Mtoto hujaribu kwanza kwa mkono wake, na akishindwa huomba msaada mara 1, si 3. Kila jioni hutueleza hesabu moja tangu mwanzo hata mwisho, na redio huzimwa.

Pia tulimwomba radhi kwa kumwita mdanganyifu. Si desturi iliyozoeleka kwa wazee wa rika letu, lakini tuliona ni haki yake.

Juzi alipata nyota 4 tu. Alikuja na vijiti vyake, mafungu 4 ya kumi kumi na vijiti 2 pembeni. Akafungua fungu moja, akatoa 17, akahesabu vilivyobaki polepole. "25, Babu," akasema. Tukamwuliza amepataje, naye akatueleza.