Je, Kongo Inahodhi?

Mimi ni wakala wa forodha Dar es Salaam. Kobalti naijua kama viroba vya unga kutoka Kolwezi, vilivyopita Kasumbalesa na Tunduma kwa lori, vikingoja meli ya China. Februari 2025 Kongo ilisimamisha kuitoa nje. Oktoba ikaweka mgao, tani 96,600 kwa 2026 na vivyo hivyo 2027, chini ya nusu ya ilichozalisha 2024. Bei ilikuwa imepita dola 80,000 kwa tani mwaka 2022, ikaporomoka hadi karibu 21,000. Baada ya zuio ikapanda zaidi ya maradufu.

Mwenzangu ofisini akasema: huku ni kuhodhi, na Mtume alikataza. Neno hilo sikuliachia lipite.

Mafakihi wa Kishafii, ambao sisi watu wa pwani twawafuata, huiweka haramu hiyo kwenye chakula. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliipanua kwa chochote ambacho kukizuia kunadhuru watu. Nashika kauli ya Abu Yusuf, iliyo nzito zaidi, na bado simuoni mnunuzi aliyedhulumiwa. Zipo betri zisizotumia kobalti kabisa, na Indonesia nayo inauza.

Tena bei ya chini nayo hudhuru. Sayyidna Umar alimkuta Hatib akiuza zabibu kavu sokoni Madina, akamwambia apandishe bei au aondoke. Imamu Shafii amepokea mwisho wa kisa: Umar alijihoji nafsi yake, akamfuata Hatib nyumbani, akamwambia haikuwa amri, auze apendavyo. Mimi hapa nabaki na Umar wa sokoni. Kobalti ya Kongo huchimbwa pamoja na shaba. Kampuni inayotafuta shaba huendelea kuimwaga kobalti sokoni hata bei yake ikianguka. Soko la namna hiyo halijirekebishi lenyewe.

Ila mchimbaji mdogo wa Kolwezi, mwenye sururu na gunia, hana ghala. Kampuni iliendelea kuuza shaba huku kobalti ikisubiri. Yeye anakula alichouza jana, na bei ilipopanda mzigo wake ulikwishakwenda kwa bei ya kutupa. Madhara anayoyasema Abu Yusuf nayaona kwake, huku upande wa muuzaji. Katika mgao ule, tani 9,600 zimetengwa kwa miradi ya kimkakati. Naiomba serikali ya Kongo iwahesabu wachimbaji hao humo, tena iwalipe siku ileile wanapopima mzigo.