Mashini Yachagua, Nani Atameza Kwanza?

Siku hizi wataalamu hutafuta dawa mpya za malaria kwa kompyuta. Kijidudu cha malaria kina vimeng'enya vyake vya kula damu yetu. Umbo la kimeng'enya likiisha kujulikana, kompyuta hujaribu kemikali moja moja, kama mtu mwenye funguo nyingi na kufuli moja: upi unaingia, upi unakwama? Mwaka 2005, katika kazi iliyoitwa WISDOM, kompyuta za nchi nyingi zilifanya majaribio ya namna hiyo zaidi ya milioni 40 kwa majuma sita. Kompyuta moja ingalihitaji miaka kama 80.

Tumshukuru Mungu kwa akili hiyo. Kongo yetu ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria, na huko Rwanda na Uganda vimeonekana vijidudu vinavyochelewa kufa kwa artemisinini. Anayedharau kazi hii hajakesha na mtoto mwenye degedege.

Lakini kompyuta haitoi dawa. Inatoa orodha ya vitu vya kujaribu. Kemikali iliyo nzuri katika hesabu yaweza kuwa sumu, au isifike katika damu kabisa. Baada ya maabara na panya, siku yafika ambapo lazima mtu ameze, maana mashini haina ini wala figo. Mwaka 1972 Bibi Tu Youyou wa China na wenzake walikunywa wenyewe dawa waliyoitoa katika mmea wa qinghao, kabla ya kuwapa wagonjwa.

Huenda mtu atasema: watoto wengi wanakufa, basi kuna kosa gani mmoja akitiwa hatarini kwa faida ya wote? Papa Pio XII aliwajibu waganga juu ya neno hilo mwezi wa Septemba 1952. Mtu si kiungo cha jamii kama mkono ulivyo kiungo cha mwili. Wala mganga hana ruhusa juu ya mgonjwa ila ile aliyopewa na mgonjwa.

Nami naona ugumu wenyewe uko hapa: malaria huua hasa watoto wadogo, nao hawawezi kukubali wala kukataa. Mama husema badala yao. Akiwa ameelezwa kwa lugha yake, akajua kwamba hata akikataa mtoto atatibiwa vilevile, ruhusa yake ni ya kweli. Akikubali kwa kuogopa kufukuzwa hospitalini, alama ya kidole chake si ruhusa. Katekista aliye jirani aweza kumsomea karatasi ile, hata mara tatu, kabla hajatia kidole.