Kumbukumbu Tamu za Mahali pa Dhiki

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya maadili na elimu ya dini zimeyagusa bila kuyamaliza, limo hili: je, mtu mzima ana haki ya kuzikumbuka kwa furaha saa za utoto alizozitumia kutazama michezo ya picha, iwapo saa hizo ziliangukia katikati ya dhiki kubwa ya watu wake mwenyewe? Mahali pengi duniani swali hilo halina uzito, kwa kuwa wanaosimulia vipindi vya televisheni vya utotoni mwao husimulia sebule, kochi, na mzazi aliyekataza kelele wakati wa taarifa ya habari. Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, mambo yalikuwa mengine, maana baadhi ya watoto waliokulia huko tangu mwaka 1993 walitazama picha zao za kwanza wakiwa wakimbizi, na wengine wakiwa wenyeji wa vijiji vilivyopakana na kambi. Kumbukumbu tamu, kama neno hilo linavyotumika hapa, ni kumbukumbu ambayo mwenye nayo huirudia kwa hiari, pasipo kuulizwa, kwa sababu kuirudia kunampendeza.

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na kituo chake, tena cha rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, kituo binafsi cha ITV kilipoanza kurusha matangazo, na televisheni ya taifa, iliyoitwa TVT wakati huo, ikafuata miaka kadhaa baadaye. Kwa Kibondo na Kasulu hata tarehe hizo hazisemi mengi, kwa kuwa umeme wa Gridi ya Taifa uliwafikia watu wa huko mwaka 2022 tu, na kabla ya hapo waliokuwa na umeme waliupata kwa majenereta. Chombo kilichoingia nyumbani kilikuwa redio: Radio Tanzania Dar es Salaam na kipindi chake cha watoto cha Mama na Mwana, na tangu mwaka 1995 Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi. Picha, kinyume cha sauti, ilikuwa kitu cha kuendewa.

Aliyeiendea aliikuta katika kibanda umiza, yaani chumba cha biashara cha kuonyesha video kwa kiingilio kidogo: mabenchi yaliyobananishwa, madirisha yaliyozibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, deki na televisheni moja juu ya meza, na jenereta nje, ambalo likibadilisha mlio wake watazamaji wote walinyamaza kusikiliza kama litazimika. Filamu zilikuwa za Kihindi, za Hong Kong na za Marekani, na lugha zake hazikueleweka. Ndiyo maana nchini kukazuka kazi ya mfasiri wa filamu, mtu anayezungumza juu ya sauti za waigizaji na kuisimulia hadithi kwa Kiswahili, akiongeza utani, methali na majina ya mitaa ambayo mtunzi wa filamu hakuyajua kamwe. Maarufu miongoni mwao alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zake zilisambaa mbali na Dar es Salaam alikozitengenezea. Inafuata kwamba mtu anayesema anaikumbuka filamu fulani ya utotoni huenda anaikumbuka sauti ya mfasiri, na akiitazama upya bila sauti hiyo hukuta kazi nyingine kabisa, isiyochekesha pale alipocheka. Wapo watakaosema kwamba kumbukumbu yake basi ni ya uongo. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu kicheko kilikuwa cha kweli na aliyekisababisha alikuwepo.

Vibanda hivyo vilikuwa na kanuni moja ya imani, ikiwa neno hilo linaruhusiwa hapa: staringi hafi. Staringi ni mhusika mkuu wa filamu, yule ambaye risasi humpita na adui humkosa, na mtazamaji aliyeingia kwa kuchelewa aliuliza kwanza staringi ni nani, maana akishamjua hofu yake ilipungua. Kanuni hiyo ilipata mtihani wake katika filamu iitwayo Yesu, iliyotolewa mwaka 1979 kwa kufuata Injili ya Luka, ikatafsiriwa kwa mamia ya lugha na kuzungushwa vijijini na wahubiri, Tanzania ikiwamo. Mtoto aliyezoea kanuni ya kibandani aliona hapo staringi akikamatwa, akipigwa na kufa kweli, na filamu ikaendelea bila yeye kwa dakika kadhaa. Wanateolojia wameandika vitabu vizito juu ya Jumamosi Kuu, siku iliyo kati ya msalaba na kaburi tupu, lakini ni vigumu kufikiri njia ya mkato zaidi ya kuifikisha siku hiyo kwa mtoto wa miaka minane kuliko kumvunjia kanuni aliyoiamini. Kwa mtoto wa mkimbizi uvunjaji huo haukuwa mgeni. Alikwisha kujua kwamba mhusika mkuu hufa.

Wakimbizi wenyewe walikuwa wameingia kwa mawimbi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba mwaka 1993, mamia ya maelfu walivuka mpaka. Vita vya Kongo vikaleta wengine, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ikafunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yao. Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, Nduta, Mtendeli na Kanembwa upande wa Kibondo, yalikuwa majina ya makazi ambamo watoto walizaliwa, wakasoma na kukua. Katika kambi za Kigoma, kwenye muongo wa kwanza wa karne hii, lilifanya kazi shirika la FilmAid, lililoanzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya wakimbizi wa Kosovo, ambalo kazi yake ilikuwa kuonyesha filamu kwenye skrini kubwa mahali pa wazi, za burudani zikifuatana na za mafunzo, hasa ya afya. Kwa kuwa picha ya nje haionekani mchana, onyesho husubiri giza, na katika sehemu zilizo karibu na Ikweta giza huingia upesi, mnamo saa moja jioni, majira yote ya mwaka.

Jambo moja la maonyesho ya namna hii linastahili kutazamwa kwa karibu. Kitambaa chembamba cha skrini hupitisha mwanga, kwa hiyo aliyekosa nafasi mbele anaweza kukaa nyuma yake na kuiona picha ileile ikiwa imegeuka: maandishi yanasomeka kutoka kulia, na mpiganaji wa mkono wa kulia anakuwa wa shoto. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, aliwaeleza wafungwa waliofungwa minyororo pangoni tangu utotoni, wakitazama vivuli ukutani na kuvidhania kuwa ndio ulimwengu, kwa sababu hawawezi kugeuka na kuuona moto ulio nyuma yao. Wakosoaji wa sinema na televisheni wamelitumia pango hilo mara nyingi mno, na mara nyingi bila kuangalia watazamaji wamekaa wapi. Mtoto wa nyuma ya kitambaa ameuelekea moto. Anauona mwanga wa projekta ukimjia usoni, anaona vivuli vya wadudu wanaokatiza mbele ya lenzi, anajua picha imetengenezwa na inatoka wapi, na bado anafurahi. Furaha yake si ya aliyedanganywa, na kwa hiyo hoja ya Plato, iliyo nzito mahali pake, haimfikii.

Pingamizi kubwa linatoka kwingine. Zaburi ya 137 inawaonyesha wahamishwa wa Babeli wakikataa kuimba katika nchi ya ugeni, kwa kuona kwamba kujifurahisha huko ni kuusaliti mji walioupoteza. Kwa kipimo hicho, mtu ambaye ndugu zake waliuawa mwaka 1993, naye akakumbuka kwa tabasamu jinsi alivyocheka kambini, anaonekana kuwa na deni kwa wafu. Agostino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyeishi kati ya mwaka 354 na 430, aliongeza shutuma nyingine katika Maungamo yake, sehemu ya tatu, alipokumbuka jinsi alivyopenda michezo ya jukwaani akiwa kijana huko Karthago: mtazamaji huililia huzuni ya kuigizwa na kuyafurahia machozi yake, lakini huruma yake haimsaidii mtu yeyote, kwa kuwa haitwi kuokoa bali kuhuzunika tu. Shutuma hiyo ni kali na kwa sehemu kubwa ni ya haki. Hata hivyo inamhusu mtu aliye salama, anayeazima maumivu ya wengine ili ayaonje. Haisemi lolote juu ya mtu aliye na maumivu yake mwenyewe tele, ambaye mbele ya skrini anaazima kicheko. Agostino huyohuyo, katika sehemu ya kumi ya kitabu hicho, anashangaa kwamba huzuni iliyopita huweza kukumbukwa kwa furaha na furaha iliyopita kwa huzuni, jambo linaloonyesha kuwa moyo haulazimiki kurudia leo hali uliyokuwa nayo jana. Aliyasema hayo kama fumbo la nafsi, hakuyatolea hukumu, na pengine hapo alikuwa mwenye busara kuliko katika sehemu ya tatu.

Mapokeo ya Kiislamu yana simulizi inayolikaribia swali hili zaidi, ingawa wanazuoni wameisoma hasa kwa ajili ya jambo jingine. Bibi Aisha (R.A.) alisimulia, katika riwaya zilizopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki msikitini, naye alipotamani kuwatazama, Mtume Muhammad (S.A.W.) alisimama akamsitiri kwa joho lake, akaendelea kusimama mpaka Aisha mwenyewe alipotosheka; kisha Aisha akawakumbusha wasikilizaji wake wakadirie jinsi msichana mdogo anavyopenda mchezo. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitumia riwaya hiyo katika Ihyaa Ulumiddin kama hoja ya uhalali wa burudani isiyo na dhambi, na mjadala wa wanafiqhi, yaani wataalamu wa sheria ya dini, umebaki hapo: nini kinaruhusiwa, wapi na kwa nani. Lakini umbo la simulizi lenyewe linasema neno lisilotegemea mjadala huo. Hii ni kumbukumbu ya mtu mzima kuhusu mchezo alioutazama akiwa mdogo, na ndani yake habari za mchezo ni chache mno. Haielezwi kirefu nani alimshinda nani wala mikuki ilirushwa vipi. Kilichohifadhiwa kwa ukamilifu ni joho na subira ya aliyesimama bila kumharakisha.

Ikiwa usomaji huo ni sahihi, basi kinachopendwa katika kumbukumbu tamu ya kutazama ni kibali na hifadhi, na picha inahusika kwa sehemu ndogo tu. Mtoto wa kambini aliyefurahi mbele ya skrini alifurahi kwa sababu kwa muda wa saa mbili mtu mzima fulani, mama aliyefiwa au kaka mkubwa aliyekuwa na njaa yake mwenyewe, alimruhusu asiwe na habari na mengine. Kuikumbuka saa hiyo kwa furaha si kuwasahau wafu. Ni kuwakumbuka waliobaki hai na kile walichokificha kwa ajili yake. Deni kwa wafu lipo, lakini halilipwi kwa kulinyang'anya tendo hilo jina lake.

Usomaji huu una gharama yake pia. Kama kumbukumbu tamu ni kumbukumbu ya aliyesimama, hauwezi kuruka swali la nani alisimama na nani hakukaa kabisa. Kwenye kibanda umiza wasichana walikuwa wachache, na kwenye viwanja vya kambi pia jioni ni saa ya maji, kuni na chungu, kazi ambazo katika nyumba nyingi zimewaangukia wao. Kuni zilitafutwa nje ya kambi, mahali ambapo wanawake na wasichana walikabiliwa na hatari ya kushambuliwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na taratibu zilizofuatana nayo ziliwabana wakazi wasitoke zaidi ya kilomita nne bila kibali. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano anayezisifu jioni zile anasema kweli, ila dada yake, akiulizwa, huenda akawa na jioni nyingine ya kusimulia, na mara nyingi haulizwi. Huo ni upungufu wa waulizaji zaidi kuliko wa kumbukumbu.

Liko na suala la mahali. Maurice Halbwachs, mwanasosholojia wa Ufaransa aliyefia katika kambi ya Buchenwald mwaka 1945, alishikilia kwamba mtu hakumbuki peke yake, kwa kuwa kumbukumbu hushikiliwa na kikundi cha watu wanaoweza kuisahihisha na kuithibitisha. Watazamaji wa Mtabila hawana tena kikundi cha namna hiyo: kambi ilifungwa mwezi Desemba mwaka 2012, waliokuwamo wakarudishwa Burundi, na eneo lake leo lina kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa. Mtendeli nayo ilifungwa mwaka 2021, na Wakongo wengi wa Nyarugusu wamehamishiwa Marekani, ambako watoto wao wanakulia mbele ya skrini za aina nyingine. Waliobaki palepale ni Waha wa vijiji vya jirani, ambao lugha yao inaelewana na Kirundi. Mkulima wa Kasulu aliyewahi kutazama onyesho la kambini akiwa mtoto hakuhesabiwa na yeyote kuwa miongoni mwa walengwa wa onyesho lile. Kwa nadharia ya Halbwachs, hata hivyo, ni shahidi kamili wa furaha ya watu walioondoka.