Kiu na Nyota

Katika nchi yetu ya Ugogo, ambako mvua huja kwa miezi michache na kisha mito hubaki mchanga mtupu, twaulizwa neno gumu: Je, ni haki wanadamu kutumia mali nyingi kuchungulia nyota, na huku mama huamka alfajiri kutafuta ndoo moja ya maji?

Neno hili limezuka kwa ajili ya darubini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Namibia, wanakusudia kujenga darubini ya redio juu ya mlima Gamsberg, katika nchi ya Namibia, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,300. Darubini hiyo haina kioo cha kuchungulia. Ni sahani kubwa ipokeayo mawimbi yenye urefu wa milimita moja hivi. Mawimbi hayo humezwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo hutafutwa mahali palipoinuka, tena pakavu. Tazameni ajabu hii: ukame umwogopeshao mkulima ndio autakao mtazama nyota!

Mwezi wa Aprili 2017 darubini nane za namna hiyo, tangu Chile na Meksiko hata Hispania na Ncha ya Kusini, ziliungana ziwe kama jicho moja lenye upana wa dunia. Tarehe 10 Aprili 2019 walimwengu wakaonyeshwa kivuli cha shimo jeusi katika kundi la nyota liitwalo M87, ambalo nuru yake husafiri miaka milioni 55 hata kutufikia. Katika hizo nane haikuwamo hata moja ya Afrika. (Jirani zetu wa Kenya wanayo sahani ya zamani ya simu huko Longonot, nayo imefikiriwa kugeuzwa darubini, lakini kwa mawimbi marefu zaidi.)

Mzee mmoja wa usharika aliposikia habari hizo aliuliza, "Mchungaji, shimo hilo lina maji?" Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, maana wazee wa zamani walitazama Kilimia wapate kujua majira ya kulima, nyota ziliwafaa. Shimo jeusi halitatuambia siku ya kupanda uwele. Wako wasemao kwamba elimu hii italeta kazi na ufundi mpya. Huenda, lakini kumwahidi mwenye kiu faida usiyoijua ni kumdanganya. Afadhali kusema wazi kwamba watu hawa wataka kujua tu.

Je, kutaka kujua ni anasa ya walioshiba? Hatukubali. Mtoto achungaye ng'ombe huuliza habari za nyota na tumbo lake li tupu, wala hatumwambii anyamaze mpaka ashibe. Asemaye kwamba maskini asiulize habari za mbingu amemfanya maskini kuwa tumbo tu. Na watu wasio na sehemu katika jicho lile watapokea siku zote masimulizi ya wengine.

Lakini swali la mzee lingali linadai. Sahani haipandi mlimani peke yake: yahitaji barabara, umeme, na maji ya wafanya kazi. Vitu hivyo vikipita mbele ya nyumba za walio chini ya mlima bila kusimama, hapo mali itakuwa imetumika kwa dhuluma, hata picha ikiwa nzuri namna gani. Jambo hili liandikwe katika mapatano kabla sahani haijainuliwa.