Goti Lililopewa Ulimi

Mgonjwa amwambiapo daktari, "Goti linaniuma," daktari hana budi kuanzia kwenye neno hilo. Tangu zamani maumivu yana shahidi mmoja tu, naye ni mwenyewe. Yafaa basi tujiulize, sisi tufundishao lugha, neno la mgonjwa lina thamani gani pindi goti nalo lipewapo ulimi.

Hii si ndoto. Mwaka 2004, huko California, mgonjwa alitiwa goti bandia lenye vyombo vidogo vya kupima nguvu zinazolikandamiza. Wataalamu wa Charité mjini Berlin, ambao tangu 1988 walikuwa wakipima nyonga kwa njia hiyo, nao wakageukia magoti. Katika vipimo vya wagonjwa watano vilivyotangazwa mwaka 2010, ilionekana kwamba mtu atembeapo mahali tambarare goti huelemewa kwa takriban mara 2.6 ya uzito wake. Ateremkapo ngazi, karibu mara 3.5. Mwenye kilo 70, basi, huteremka na mzigo wa kilo 240 gotini, wala hana habari! Hesabu hizo ziliwekwa wazi kwa wote, ili viungo bora viundwe. Wagonjwa wale waliyatoa magoti yao kwa faida ya magoti ya wengine.

Lakini goti la Berlin lilikuwa na adabu. Halikuwa na betri. Lilipata umeme kutoka kwa koili iliyozungushwa mguuni, na koili ilipovuliwa, likanyamaza. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu goti la namna nyingine. Hili halipimi nguvu. Lina betri yake, huhesabu hatua na kupima kasi ya mwendo, kisha habari hizo hutoka nyumbani kwa mgonjwa zikamfikia daktari.

Tofauti hiyo naiona nzito kuliko ufundi wote. La kwanza liliulizwa, likajibu; la pili husema bila kuulizwa. Mtaniambia kwamba mgonjwa aliridhia. Naam, aliridhia siku moja, na goti ni la miaka. Mzee akidai ametembea, nalo goti likasema hakutembea, nani asadikiwe? Pengine mzee amedanganya. Pengine pia aliumwa mno, na maumivu hayamo katika vipimo vile. Ningemwomba daktari, kabla hajazifungua hesabu, amwulize kwanza: "Umeamkaje leo, mzee?"