Furaha ya Dawa ni ya Nani?

Mwaka 1952, katika Staten Island, Marekani, baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka ajabu. Hapo huzuka swali: furaha iletwayo na dawa ni ya mtu au ya dawa?

Fluoksetini huzuia serotonini isirudishwe upesi ndani ya seli iliyoitoa. Kazi hiyo huanza kwa saa chache, lakini nafuu huchukua majuma. Wataalamu wengi huona kuwa katika majuma hayo vipokezi vya ubongo hujirekebisha polepole.

Basi dawa haimimini furaha kama maji mtungini. Hulegeza kifungo, mtu akarudiwa na nafsi yake. Amwambiaye mgonjwa "jikaze" humdhulumu. Na amwambiaye aliyepona kuwa furaha yake ni ya kuazima humdhulumu mara ya pili.